Kiama Kimepangiwa Tarehe

Kwenye kibanda kimoja cha kuonyeshea mpira hapa Fumba, kusini mwa Unguja, kuna ubao mweusi unaoandikwa ratiba ya mechi kwa chaki. Tangu Majilio haya yaanze, chini ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza vijana wameandika mstari mmoja ambao haufutwi: "Doomsday 18/12/2026". Jirani yetu mmoja, mzee wa Kiislamu apitaye hapo kila siku akitoka kuswali alasiri, alituuliza maana yake. Tulipomwambia kwamba ni jina la filamu, na kwamba kwa Kiswahili ni Siku ya Kiama, alicheka mpaka akaishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Maana nyinyi na sisi sote tumesomeshwa kuwa siku hiyo aijuaye ni Mungu peke yake. Hawa Wamarekani washaipangia tarehe?"

Tukamjibu kwamba wameipangia mara mbili. Kwanza ilikuwa tarehe 1 Mei 2026, siku ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Mwezi Mei 2025 kampuni ya Disney ikaiahirisha hadi tarehe 18 Desemba 2026. Kwa hiyo siku filamu ya Avengers: Doomsday itakapoanza kuonyeshwa, sisi Wakatoliki tutakuwa bado tumo ndani ya Majilio, zimebaki siku saba kufika Noeli. Mzee akatikisa kichwa, akaenda zake.

Baadhi ya ndugu zetu seminarini walitushangaa tulipowaambia tunataka kuandika juu ya jambo hili. Filamu za watu wanaovaa nguo za kubana na kuruka angani, walisema, ni mambo ya watoto, na nani anamnunua nani huko California hakumhusu mwamini wa Unguja. Tunawaheshimu lakini hatukubaliani nao. Jumuiya ndogo ndogo tunazosali nazo huku kwenye utume wetu wa kichungaji zimejaa watu waliotoka Bara: mafundi wanaojenga nyumba za Fumba Town, wafanyakazi wa viwandani na wa hoteli, walinzi, mama lishe. Watoto wao wanaujua mfuatano wa filamu za Marvel, tangu Iron Man ya mwaka 2008, kuliko wanavyoujua mfuatano wa vitabu vya Agano la Kale. Tukiwa wakweli, na sisi wenyewe hatuko mbali nao. Mtu anayengojea kitu mwaka mzima, akahesabu siku, akabishana juu yake na wenzake, akavumilia kinapoahirishwa, tayari anakijua kitu ambacho Mama Kanisa hutumia majuma manne kila mwaka kutufundisha. Hatuoni sababu ya kumcheka.

Tena filamu hizi si tupu kama zinavyodhaniwa. Waliokulia kwenye vibanda umiza, enzi za Lufufu na wenzake waliotutafsiria filamu za kigeni kwa sauti zao, wanaikumbuka kanuni ya kwanza ya sinema: steringi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, ataonekana amekwisha, lakini mwisho atainuka na adui atalipa. Mwaka 2019 filamu ya Avengers: Endgame iliivunja kanuni hiyo mbele ya dunia nzima. Tony Stark, steringi wa tangu mwanzo, alikufa kwa hiari yake ili wengine wapone. Ukitaka kueleza Ijumaa Kuu kwa kijana wa kipaimara aliyeililia filamu hiyo, huhitaji maneno mengi.

Sasa mwigizaji yuleyule, Robert Downey Jr., anarudi katika Doomsday akiwa Doctor Doom, yaani adui. Ubishi uliopo kibandani ni kama huyu ni mtu mwingine kabisa mwenye hadithi yake, au ni sura tu iliyokodishwa tena kwa kuwa inauza. Sisi tuko upande wa wanaosema inauza, na hapo ndipo tunapofika kwenye biashara yenyewe.

Majilio ya mwaka 2025 yalianza tarehe 30 Novemba. Ijumaa ya juma la kwanza, tarehe 5 Desemba, Netflix ilitangaza makubaliano ya kuinunua studio ya Warner Bros. pamoja na HBO, kwa thamani ya dola bilioni 82.7 madeni yakiwemo. Tarehe 8, Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, Paramount ikapanda dau: dola 30 taslimu kwa kila hisa, tena inaitaka kampuni yote na chaneli zake za televisheni, jumla dola bilioni 108.4. Tarehe 17 bodi ya Warner ikawashauri wanahisa waikatae ofa hiyo. Mnada haukuishia hapo. Kwa kulinganisha tu, pato zima la Tanzania kwa mwaka mmoja ni karibu dola bilioni 80.

Warner ndiyo yenye Superman, Batman na Wonder Woman. Ndiyo maana mashabiki wana wasiwasi. Superman mpya wa James Gunn alitoka Julai 2025 na kupokewa vizuri, na mwendelezo wake, Man of Tomorrow, umepangwa kutoka Julai 2027. Mwenye nyumba mpya ataiheshimu tarehe hiyo? Atazipeleka filamu kwenye majumba ya sinema, au zitaishia kwenye simu? Muungano huu utazaa nini? (Neno muungano, hapa Unguja, tunalitumia kwa uangalifu. Tunazungumzia makampuni.)

Wasiwasi huo haukutoka hewani. Aprili 2022 Warner iliunganishwa na Discovery. Agosti mwaka huohuo wakuu wapya wakaifungia kabatini filamu ya Batgirl, iliyokwisha kupigwa picha, inayotajwa kugharimu dola milioni 90 hivi. Haikuonyeshwa kwenye jumba lolote wala kwenye televisheni. Kwa mahesabu ya kodi ilikuwa na faida zaidi ikizikwa kuliko ikionwa. Waongozaji wake, Adil El Arbi na Bilall Fallah, Wabelgiji wenye asili ya Morocco, walipata habari kazi yao ikiwa karibu kukamilika. Utasema mafundi wote walilipwa. Ndiyo, lakini kazi ya mikono ya mtu haimalizikii kwenye mshahara. Papa Yohane Paulo II aliandika waraka mzima, Laborem Exercens, mwaka 1981, kulieleza hilo, na mafundi wa hapa Fumba wanalijua bila kuusoma. Muulize fundi aliyejenga nyumba nzuri akaona inavunjwa kabla haijakaliwa kama fedha aliyolipwa ilimtosha.

Kuna upande mwingine, na tungekuwa waongo tukiuficha. Chukueni mfano wa Storm, yule mwanamama wa X-Men anayeamuru mvua na upepo. Katika vitabu vya katuni mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya, na mwaka 2006, katika vitabu hivyohivyo, aliolewa na Black Panther. Kwenye filamu wawili hao hawakuweza hata kusalimiana. Haki za kumwigiza bwana zilikuwa mikononi mwa Marvel na za bibi zilikuwa mikononi mwa Fox. Ndoa iliyozuiliwa na mkataba wa hakimiliki! Hicho ni kizuizi ambacho Sheria ya Kanisa haikukiorodhesha. Machi 2019 Disney, ambayo ilikuwa imekwisha kuinunua Marvel miaka kumi nyuma, ilikamilisha ununuzi wa sehemu kubwa ya Fox kwa dola bilioni 71, na mlango ukafunguka. Patrick Stewart na Ian McKellen, wazee wa X-Men, wametangazwa kuwemo katika Doomsday. Kwa hiyo muungano mmoja ulizika filamu, na mwingine ulikutanisha ukoo uliotengana. Vijana wanaoshangilia habari za ununuzi si wajinga. Wameona faida yake.

Lakini tuangalie vizuri kinachouzwa. Majengo ya studio hayafiki bei hiyo, wala kamera. Filamu za zamani zina thamani yake, lakini hakuna atoaye dola bilioni 82 kwa ajili ya jana peke yake. Kinacholipiwa ni uhakika kwamba mamilioni ya watu, akiwemo kijana aliyeshika chaki hapa Fumba, wataendelea kungoja. Kungojea kwetu kumekuwa mali inayoandikwa kwenye daftari la mtu mwingine, anayeweza kukuuza ukiwa ungali unangoja. Na mwenye mali hiyo hapendi iishe. Ndiyo maana filamu nyingi za Marvel, majina yakisha kupita, huongezwa kipande kidogo cha kukutangazia nyingine. Hata Doomsday, jinsi jina lake lilivyo la mwisho wa yote, imeshapangiwa inayoifuata, Secret Wars, Desemba 2027. Baada ya Kiama, Kiama kingine. Kungojea kwetu sisi kuna usiku wake wa kukoma: Gloria inarudi, mtoto amezaliwa, watu wanakumbatiana nje ya kanisa na kwenda kula pilau.

Jambo la mali nyingi kuishia kwenye mikono michache si geni kwa Kanisa. Papa Pius XI katika Quadragesimo Anno, mwaka 1931, alionya juu ya nguvu za uchumi kurundikana kwa watu wachache, ambao mara nyingi hata si wenye mali bali ni wasimamizi wa fedha za wengine. Miaka mitano baadaye, mwaka 1936, Papa huyohuyo aliandika Vigilanti Cura, waraka juu ya sinema. Huwa tunafundishwa nyaraka hizi mbili katika masomo tofauti, kana kwamba ziliandikwa na watu wawili. Katika waraka wa sinema alihangaikia zaidi maadili ya picha, ni kweli, lakini tukiusoma pamoja na ule wa kwanza tunaona kwamba nani anayeichagua picha ni swali la maadili pia. Marekani wenyewe walilijua. Mwaka 1948 Mahakama Kuu yao iliamua kwamba studio kubwa zilivunja sheria kwa kumiliki filamu na pia majumba ya kuzionyeshea, na mashtaka hayo yalibeba jina la Paramount. Masharti yaliyotokana na hukumu ile yalifutwa mwaka 2020. Mwaka 2025 Netflix, ambayo ni jumba la sinema lililomo ndani ya kila nyumba, ilitaka kuwa na studio ya Warner pia.

Sisi wa Fumba tunaonja kidogo maana ya jina moja kuwa kila mahali. Hapa pana kiwanda cha maziwa cha Azam. Unga wa chapati ni Azam, boti ya kutuvusha kwenda Dar es Salaam ni Azam, na king'amuzi cha kuangalizia mpira ni Azam. Hatulalamiki. Kazi hizo zinawalisha waamini wetu, na boti inafika kwa wakati. Lakini boti ni boti. Hadithi ambazo mtoto atakua nazo kichwani, nani shujaa, nani adui, nani anastahili kuokolewa, hizo tusingependa ziwe na mlango mmoja, hata mwenye mlango angekuwa mtu mwema. Kwa hiyo, kama kuna anayetaka kujua msimamo wetu, tusingependa Warner iende kwa yeyote kati ya wawili hawa. Hakuna atakayetuuliza, ni kweli. Wala hakuna aliyemuuliza kijana wa chaki.

Haikuwa hivi siku zote hapa Unguja. Vuga, pale Mjini, lilikuwapo jumba la Royal tangu mwaka 1921. Lilipoungua, mahali pake pakajengwa Majestic, lililofunguliwa mwaka 1955. Empire lilikuwapo pia, na Sultana, ambalo baada ya Mapinduzi liliitwa Cine Afrique. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, anaonyesha kwamba wenye majumba haya walikuwa wafanyabiashara wa papa hapa, waliowajua wateja wao kwa sura na kuchagua picha kwa kusikiliza foleni inasema nini. Hollywood haikuwapangia. Ndiyo maana steringi wa wazee wa Mji Mkongwe alikuwa Raj Kapoor wa Bombay, na ukitaja Awara mbele yao utaona mtu wa miaka themanini akinyoosha mgongo. Watu walingoja picha wakati ule pia, wakavaa nguo zao nzuri, wakaenda kwa jamaa zima. Leo Majestic limechakaa, na yale mengine hayaonyeshi picha tena. Tamasha la ZIFF, linalofanyika Ngome Kongwe tangu mwaka 1998, linajitahidi, ila ni la siku chache kwa mwaka.

Tarehe 15 Novemba 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alipokutana Vatikano na waigizaji na waongozaji filamu, alisikitikia majumba ya sinema yanayotoweka mijini na mitaani. Alisema pia, kwa maneno yake, kwamba hesabu za kompyuta hurudiarudia kilichokwisha kufaulu, wakati sanaa hufungua yale yawezekanayo. Tulipolisoma hilo tuliwaza Majestic, tukamwaza na Robert Downey Jr.

Tufike sasa kwenye jambo linalotusumbua zaidi. Mwaka 2023 Disney ilitoa mkusanyiko wa filamu fupi kumi za Kiafrika uitwao Kizazi Moto. Jina ni la Kiswahili. Ng'endo Mukii wa Kenya aliongoza mojawapo, Raymond Malinga wa Uganda nyingine. Ilitolewa kwenye huduma ya Disney+, ambayo wakati huo haikuwa imefunguliwa Kenya, wala Uganda, wala Tanzania. Hata mtu aliyekuwa tayari kulipa hakuwa na pa kulipia. Kizazi chenyewe kilifungiwa nje ya Kizazi Moto. Na wenye DStv, ambayo mwenye kampuni yake, MultiChoice, aliingia mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa Septemba 2025, walitangaziwa mwishoni mwa mwaka huo kwamba chaneli kadhaa za Warner, CNN na Cartoon Network zikiwemo, huenda zingeondoka ifikapo tarehe 1 Januari 2026. Wakubwa wakivutana huko juu, huku chini ni mtoto anayeuliza katuni imekwenda wapi.

Basi vijana wanafanya wanachofanya. Wanakwenda kwa yule mwenye kompyuta na spika nje ya duka, wanatoa flashi, wanaingiziwa filamu kwa fedha kidogo, nyingine ikiwa imerekodiwa ndani ya jumba la sinema na vichwa vya watu vinaonekana chini. Zanzibar ina sheria ya hakimiliki tangu mwaka 2003, na Amri ya Saba ina umri mkubwa zaidi. Katika kipindi kimoja cha vijana tuliulizwa wazi: "Frateri, hii ni dhambi?" Tulijibu kwamba kuchukua jasho la mtu bila idhini yake ni wizi, na kwamba mwenye jasho si kampuni tu bali pia yule fundi tuliyemtaja. Kijana akauliza tena: na ikiwa mwenye duka amekataa kufungua duka mtaani kwetu, na fundi mwenyewe angependa tuione kazi yake? Hapo tulikohoa. Tunaamini jibu letu la kwanza bado ni sahihi. Tunaamini pia kwamba mapokeo ya Kanisa, yanayosema mali za dunia ziliwekwa kwa ajili ya wote, yanamdai mwenye kufunga mlango maelezo, na kwamba mapadre wanaohubiri juu ya flashi bila kusema neno juu ya mlango wanahubiri nusu.

Tumeamua kujaribu jambo moja. Baada ya Noeli tunataka kuonyesha filamu ukumbini kwa wote, waamini na majirani zetu Waislamu, taa zizimwe, watu wakae pamoja kwenye mabenchi kama zamani, na baadaye tuzungumze. Tulipouliza ionyeshwe ipi, vijana hawakusita: Black Panther ya mwaka 2018, ile iliyozinduliwa hata Kisumu kwa heshima ya Lupita Nyong'o, na yumo ndani yake Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Mzee wetu wa fimbo amesema atakuja, mradi tusigongane na swala ya isha. Mama mmoja wa jumuiya ameahidi kahawa na kashata.

Tulimpelekea paroko ombi la ukumbi kwa maandishi. Alilisoma, akafurahi, akasema hata projekta anaweza kuiazima. Kisha akavua miwani, akauliza nakala tutaitoa wapi. Hatujamjibu bado.